Neno la Anayepakuliwa

Uvumilivu ulinishinda pale Mwalimu Mkuu alipomwekea mwanangu mkono kichwani, akamgeuza taratibu kuelekea njiani kama mtu anayegeuza mbuzi aliyepotea zizi, akasema, "Huyu arudi tu nyumbani akusaidie kazi, Mama Zuhura. Wasichana mwaka huu wanatosha."

Mpaka hapo nilikuwa nimejizuia vizuri. Nilimsalimu kwa heshima, nikamwuliza hali ya nyumbani, nikamwuliza na goti la mama yake, maana mama yake namfahamu. Tulikuwa tumesimama pale uwanjani tangu umande haujakauka. Zuhura kavaa gauni nililomshonea kwa kanga yangu mpya, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Alipoitwa alizungusha mkono juu ya utosi akalishika sikio la upande wa pili, tena si kwa ncha ya kidole. Alilishika lote akalivuta, mpaka mwalimu mwenyewe akasema, "Haya, haya, usiling'oe." Kipimo cha umri wa kuanza shule ndicho hicho, na alikipita.

Nyuma ya mwalimu dirisha la darasa la kwanza lilikuwa wazi, na mimi macho ninayo. Madawati ya nyuma hayakuwa na mtu. Moja limeegemezewa baiskeli yake, na juu ya jingine kuku alikuwa ameatamia kwa raha zake.

"Wanamtosha nani, mwalimu?" nikamwuliza.

"Wanatosha, mama. Neno dogo hilo."

"Nauliza wanamtosha nani. Mimi mzazi sijatosheka, mtoto hajatosheka, na madawati yale naona yamekosa watu mpaka yanalelea kuku."

Wazazi waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Akakunja uso. "Nyie mkileta wasichana, wakifika darasa la pili mnawatoa mkawaoze. Nafasi inaharibika bure."

"Nani kakwambia nitamtoa? Mimi mwenyewe nimesoma mpaka sekondari, na hakuna aliyenitoa."

"Inatosha, mama!" akapaza sauti. "Anayefuata!"

Aliyefuata alikuwa mtoto wa kiume wa jirani yangu, tumefuatana naye njia nzima. Mtoto yule alijinyonga shingo, akatoa ulimi, na kidole chake kikaishia kwenye nywele za juu ya sikio. Mwalimu Mkuu akamtazama, akatabasamu. "Atalifikia. Mkono unakua." Akaingizwa.

Niliyoyasema hapo siyaandiki, kwa kuwa haya yatasomwa na watu wenye heshima zao. Ila nilipokuwa njiani kurudi, nimemshika Zuhura mkono, ndipo nilipojua kilichoniuma zaidi. Kunyimwa si jambo geni. Kilichoniuma ni kwamba mwalimu yule si mgeni wa hapa. Kazaliwa Bagamoyo, kalelewa Bagamoyo, kala kwenye mikeka ile ile tuliyokula sisi. Anajua vizuri sana kwamba neno alilolisema halikuwa lake.

Wenzangu wa rika langu mmeshanielewa. Wengine niwaeleze.

Enzi zetu, mtu aliyeshika mwiko hakusema "inatosha". Ruhusa hiyo hakuwa nayo. Neno lile lilikuwa la yule aliyeshika sahani, na kumnyang'anya mtu neno lake kinywani kulikuwa kubaya kuliko kumnyang'anya tonge. Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa mchanga, mama akaolewa tena Pangani, nami nikabaki kwa Bibi katika nyumba ya makuti nje kidogo ya mji, njia ya kwendea Mbegani. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, shavu moja siku zote limetuna kwa tambuu, na sauti yake ungeisikia ukiwa kisimani. Akipakua alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kile kile alichokunia nazi, chungu mbele yake, mvuke wa wali wa nazi umemjaa usoni. Alitia mwiko wa kwanza, akatia wa pili, na baada ya hapo alikutazama. Hakuuliza wala hakutikisa mwiko kukuharakisha. Alikutazama tu, akaendelea kutia, mpaka wewe mwenyewe uliponyanyua kiganja na kusema, "Inatosha, Bibi." Hapo akasema "Alhamdulillahi," akageukia mwingine.

Na haikuwa kwetu tu. Mtu akikunawisha mikono kwa birika alimimina mpaka useme basi, hata kama maji yameanza kukulowesha magoti. Dukani kwa Mhindi wa njia panda mchele ulipimwa kwa kibaba cha tele. Alijaza kibaba, akarundika juu yake kilima, akaongeza mpaka punje zikaanza kuteleza pembeni, na mama wa watu amesimama anatazama kilima kile kwa jicho la kadhi. Kibaba cha mfuto, kile cha kupitisha kijiti juu kikawa sawasawa na ukingo, kilikuwepo pia, lakini muuzaji aliyekupimia mfuto bila wewe kutaka alisemwa mtaani mpaka watoto wakamtungia wimbo.

Sisi watoto hata michezo yetu ilikuwa hiyo hiyo. Tulipika mchanga kwenye vifuu, mboga yetu majani ya mkunde, nyama yetu kokoto. Ukipakuliwa mchanga wako unyamaze kidogo, utazame, halafu useme inatosha kwa sauti ya mtu mzima. Mpishi akikutangulia kulisema, mchezo ulivunjika hapo hapo na yeye akafukuzwa, akakae na wavulana.

Mama yangu mdogo, Tatu, alipoposwa na mwalimu mmoja kutoka Tabora, jina lake Saidi, ndipo nilipojifunza kwamba si Waislamu wote wa Tanganyika wamelelewa namna moja. Mwalimu Saidi alikuja kujitambulisha Ijumaa moja baada ya sala, kanzu nyeupe, kofia imekaa barabara, na adabu mpaka inatisha. Kwao, kama tulivyokuja kujua baadaye, mgeni hasemi neno kuhusu chakula. Anayetoa ndiye anayejua kiasi, na mgeni akifungua kinywa ameonyesha ulafi.

Basi Bibi akampakulia. Mwiko wa kwanza, Mwalimu Saidi kainamisha kichwa. Wa pili, kainamisha kichwa. Wa tatu. Bibi akamtazama. Mwalimu Saidi akatazama mkeka. Bibi akatia wa nne. Sisi watoto tuliokuwa tumejipanga ukutani tukaanza kuhesabu kwa macho wali uliobaki chunguni, maana ulikuwa wa kwetu. Sahani ikapanda, ikawa kilima. Jasho likaanza kumtoka mgeni puani. Jasho likaanza kumtoka Bibi pia, kwa kuwa hata yeye alikuwa amenaswa. Kuacha hawezi na kuuliza hawezi, na mkwe ndiye huyo kakaa kimya kama jiwe. Wali ukaanza kuporomoka, ukaanguka kwenye mkeka, na Bibi akaokota akarudisha juu, akatia mwingine.

Mama mdogo Tatu alikuwa nyuma ya pazia. Alikohoa. Akakohoa tena kama mwenye kifaduro. Mwishowe akashindwa, na mbele ya wakubwa wote, mwari asiyetakiwa hata kusikika pumzi yake, akapiga kelele, "Wewe! Sema inatosha!"

Mwalimu Saidi akashtuka. "Niseme mimi?"

"Kwani nani mwingine?"

"Inatosha," akasema kwa sauti ndogo. "Inatosha, mama. Wallahi inatosha."

Bibi akaweka mwiko chini, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akasema, "Mwanangu, ungetuua kwa njaa." Nyumba nzima ikalipuka kicheko, na Mwalimu Saidi naye akacheka mpaka kofia ikamwanguka ndani ya wali. Siku hiyo tulikula ukoko. Na ndoa ikafungwa mwezi uliofuata, maana Bibi alisema mtu anayevumilia hivyo hawezi kumpiga mke.

Sasa msidhani kwamba neno lilikuwa letu sisi wapokeaji basi tulilichezea. Ulikuja mwaka wa shida, Wazungu wako vitani huko kwao na mchele huku umeadimika kama dawa. Tulikula muhogo mkavu, bila nazi, na mboga ya majani ambayo mpaka leo nikiisikia harufu yake nageuza njia. Kulikuwa na mama mmoja Mkwere, Mama Chausiku, akija mjini kutoka Fukayosi na mzigo wa kuni kichwani, na kituo chake kilikuwa kibarazani kwetu. Bibi hakuwahi kumwacha apite bila kula, shida au si shida. Siku moja akakaa kwenye kibao chake, chungu mbele. Ila nikaona jambo. Kabla ya kutia mwiko, Bibi alikiinamisha chungu kidogo kuelekea kwa mgeni, kana kwamba anatafuta pa kukamatia vizuri. Mama Chausiku akaona ndani. Bibi akatia mwiko mmoja, na kabla hajatia wa pili Mama Chausiku akanyanyua kiganja. "Inatosha, mama. Nimekula njiani, nimeshiba mpaka hapa." Na tumbo lake likanguruma tukalisikia wote.

Bibi hakubishana naye. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ile ile ya siku za wali.

Tulipobaki peke yetu Bibi akatuambia sisi watoto: "Mnaona yule? Hakutazama sahani. Alitazama chungu. Anayepakuliwa atazame chungu, na mimi ninayepakua sina haki ya kumficha. Yeye atasema mwenyewe." Tangu siku hiyo tukajua. Mwaka ule wote tulipopakuliwa tulichungulia kwanza, kisha tukasema mapema. Mdogo kabisa kati yetu, ambaye hakuweza kuona ndani ya chungu, alimtazama mkubwa wake mdomoni, ili ajue kama wakati wake wa kusema umefika.

Haya, nilipomaliza darasa la nne akaja baba mkubwa, kaka yake marehemu baba, kutoka Kerege. Yeye ndiye aliyekuwa na kauli juu yangu. Alikuja na habari mbili. Ya kwanza, kwamba mimi nisiende tena shule. Ya pili, kwamba kuna mtu na shamba lake la minazi, mtu mzima lakini ana nguvu. Nilikuwa nimekaa jikoni kwenye moshi nasikia kila neno. Nilikuwa nimeshinda mtihani wa kuendelea. Mwalimu Saidi, ambaye sasa nilimwita baba mdogo, alikuwa ameshanitafutia nafasi shule ya bweni ya wasichana, huko mbali, ya kwendea kwa treni.

Baba mkubwa alizungumza huku anapakuliwa chakula cha mchana. Siku hizo mchele ulikuwa umerudi, na Bibi alikuwa amepika wali wa nazi na papa mkavu, chakula ambacho baba mkubwa alikuwa tayari kukifuata kwa miguu kutoka Kerege. Alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu. Bibi akatia mwiko wa kwanza.

"Msichana anajua kusoma barua," baba mkubwa akasema, "na jina lake anajua kuliandika. Sasa huko kwingine anafuata nini? Elimu hiyo inamtosha."

Mwiko wa pili ulikuwa hewani. Bibi akausimamisha. Akautazama wali uliokuwa juu yake, akautazama uso wa baba mkubwa, akaurudisha wali chunguni. Halafu akafunika chungu kwa kawa.

"Na wali huo unakutosha," akasema.

Mama mdogo Tatu alishika mdomo. Bibi katika maisha yake yote hakuwahi kusema neno lile akiwa na mwiko mkononi, hata mwaka wa njaa, hata siku Mwalimu Saidi alipotumalizia chungu. Baba mkubwa aliitazama sahani yake. Wali ulikuwa umekaa katikati kama kiota cha ndege.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa, "mbona sijasema?"

"Na yeye hajasema," akajibu Bibi.

Alitafuna tambuu yake. Papa alikuwa ananukia nyumba nzima. Baba mkubwa akatazama kawa, akatazama upande wa jikoni nilikokuwa. Nadhani alitaka kukasirika lakini hakuona aanzie wapi, maana angeanza wapi? Mwishowe akaniita. Nikatoka, macho mekundu kwa moshi na kwa mengine.

"Wewe," akasema, "bado unataka?"

"Bado, baba."

"Haya. Mama, funua chungu."

Bibi akafunua, akampakulia mpaka aliposema mwenyewe, na siku hiyo alichelewa sana kusema.

Hivyo ndivyo nilivyoendelea na shule mpaka sekondari. Baba mdogo Saidi alinipeleka stesheni, na huko bwenini usiku wa kwanza nikapata somo jingine. Tulipanga mstari, kila mmoja na sahani ya bati. Mpishi akanitilia upawa mmoja wa maharage. Nikanyoosha sahani nikamtazama, nasubiri zamu yangu ya kusema. Yeye akanitazama. Nyuma yangu kulikuwa na msichana wa Tanga, naye kanyoosha sahani vile vile. "Songa!" mpishi akapiga kelele. "Mmeganda kama nini?" Tukasonga. Wale wa bara walicheka mpaka wakaziba vinywa.

Ni huko nilikofundishwa neno la Kiingereza, enough. Mama wa Kizungu aliyetufundisha alikuwa mtu mwema, na alilieleza kwa mifano mingi. Chakula kikifika kiasi, ndilo hilo. Msichana akiwa mkubwa kiasi cha kuolewa, ndilo hilo hilo. Kazi ikifanywa vizuri kidogo, si sana, ila haina haja ya kurudiwa, ndilo hilo pia. Na darasa likipiga kelele, aligonga meza akalisema peke yake kwa ukali, sote tukanyamaza. Mimi nikanyoosha mkono nikamwuliza, "Madam, ni nani anayelisema? Anayepewa au anayetoa?" Akafikiri, akatabasamu. "Yeyote," akasema. "Mtu yeyote anaweza kulisema."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi. Sikulichukia neno lenyewe. Waingereza na neno lao, waliweke kwenye mdomo wanaoutaka. Ila niliogopa. Niliona jinsi neno linalojaza sahani ya mtu linavyoweza kugeuzwa likafunga kinywa chake, na aliyekifunga asione kwamba amefanya lolote.

Na sasa ndipo tulipofika. Bibi tumemzika. Kile kibao cha mbuzi ninacho mimi, na kwangu bado tunapakua kwa desturi yake, hata mume wangu, ambaye ni fundi cherehani na ana haraka na kila kitu, husubiri. Lakini nikienda kwa wenzangu naona vijana wanakula mezani kama makarani, kila sahani imeshapakuliwa jikoni, kiasi kimeshaamuliwa na mtu asiyeonekana. Dukani kibaba ni cha mfuto, na kijiti kinapitishwa juu kwa haraka mpaka kinachukua na cha ndani. Ukitazama, kijana wa dukani anakuuliza, "Kwani mama, hakitoshi?" Eti yeye ndiye anayeuliza! Wamelichukua neno letu wanatembea nalo mfukoni. Msichana akilia, anaambiwa inatosha. Mzee akisimulia, inatosha. Mzazi akiuliza juu ya mtoto wake, inatosha, anayefuata! Nywele wamezipasua njia katikati, mafuta yananuka toka ng'ambo ya uwanja, kalamu tatu kifuani na yenye wino ni moja, na wanajiona wameendelea kuliko sisi tuliokula mkekani.

Narudi siku ile. Tulipofika nyumbani nilipika, kwa sababu mtoto lazima ale hata kama mama yake anataka kuuma mtu. Nikampakulia Zuhura. Mwiko wa kwanza, wa pili. Hakusema kitu. Alikuwa hatazami sahani wala chungu. Alikuwa ananitazama mimi mdomoni, kama yule mdogo wetu mwaka wa muhogo, anataka kujua kama wakati wake wa kusema umefika. Na nikajua haulizi habari ya wali.

"Bado," nikamwambia. "Usiseme."

Nikaacha vyombo bila kuosha, nikachukua kalamu. Mume wangu akasema, "Mke wangu, lala na jambo hili kwanza, kesho hasira itakuwa imepoa." Nikamwambia ndiyo maana naandika leo. Asubuhi yake nilikwenda kwa miguu mpaka ofisi ya elimu mjini, nikampa karani barua mkononi, na nikakaa kwenye benchi la nje mpaka nilipoona imewekwa juu ya meza ya ndani. Niliyoyaandika ni haya, ila jina la shule nimeliondoa hapa, wenyewe wanajijua:

"Kwa Bwana Afisa Elimu,

"Natoa malalamiko rasmi juu ya Mwalimu Mkuu wa shule iliyotajwa hapo juu. Mwanangu Zuhura ametimiza umri wa kuanza darasa la kwanza na amepimwa mbele ya watu. Amekataliwa kwa maneno kwamba wasichana wanatosha. Mtoto wa kiume aliyemfuata katika mstari, ambaye hakufikia kipimo, amepokelewa. Simlalamikii mtoto huyo wala wazazi wake. Asome, Mungu amjalie.

"Mwalimu Mkuu amesema wasichana huachishwa shule. Mimi ni msichana ambaye sikuachishwa, na mwandiko huu ndio ushahidi wangu.

"Naomba mambo mawili tu. Kwanza, Mwalimu Mkuu aelezwe kwamba kiasi cha kumtosha mtoto wangu hakisemwi na yeye. Pili, nakuomba uje mwenyewe, siku yoyote, ufungue mlango wa darasa la kwanza mbele yetu sisi wazazi, tuchungulie mpaka nyuma. Sisi watu wa hapa tumelelewa kutazama chungu kabla ya kusema. Nikikuta nafasi zimejaa watoto, sitagombana na mtu. Nitanyanyua mkono mimi mwenyewe, mbele ya wote, niseme inatosha, na mwanangu nitamfundisha nyumbani.

"Lakini nikikuta kuku, sijasema. Na Zuhura hajasema.

"Ni mimi,
Mama Zuhura."